Mke wa siku moja, malkia wa miaka 43

Mwaka wangu wa pili katika kazi ya ukalimani hapa Denmark, nilimgeuza mke wa mtu kuwa bibi yake mzaa baba.

Ilikuwa kwa simu. Afisa yuko ofisini kwake, mama mmoja kutoka Kivu yuko mbele yake, na mimi niko jikoni kwangu na vipokea sauti masikioni. Kazi yetu ina kiapo cha kutunza siri, kwa hiyo sisemi ni mji gani wala shauri lilihusu nini. Yule mama akasema, "Dada, miye niko bibi yake ya kwanza." Mimi mtoto wa Tanga. Kwetu bibi ni yule anayefungua pindo la khanga akakupa hela ya kashata, na anayekukingia kifua usichapwe. Nikafasiri nilichosikia. Kukawa kimya. Nikasikia karatasi zinapekuliwa, halafu afisa akaniuliza kwa upole wa kutisha: huyu mama ana miaka 34, mjukuu wa miaka 40 kampata wapi?

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba kwa Kiswahili cha Kongo bibi ni mke. Nikaomba radhi, nikasahihisha, tukaendelea. Nusu dakika tu. Lakini usiku sikulala vizuri. Kwa nusu dakika ile, ndoa ya yule mama haikuwapo ndani ya ofisi, na mwenyewe alikuwa amekaa pale pale, mikono mapajani, hajui kitu.

Nimeanzia huko kwa sababu mwanamke ninayetaka kuwasimulia leo alipitia nusu dakika kama ile mwaka 1193, na yake ikaenda miaka 20.

Nilikutana naye kwa bahati, Ringsted. Ni mji mdogo, treni kutoka Copenhagen haimalizi saa nzima. Nilikwenda kikazi, kazi ikaahirishwa nikiwa nimeshafika, na mvua ilikuwa inanyesha ile ya hapa, ya kukulowesha bila haraka. Nikaingia kanisa la Sankt Bendt, kubwa, la matofali mekundu. Humo wamezikwa wafalme wa kale: Valdemar wa Kwanza, mkewe Sophia, na wana wao wawili waliotawala baada ya baba, Knud wa Sita na Valdemar wa Pili. Mama mmoja mhudumu wa kanisa, akiona nimesimama muda mrefu kwenye makaburi hayo, akaniambia kulikuwa pia na binti. "Alikwenda kuolewa Ufaransa," akasema, akafanya ishara ya mkono kama mtu anayefukuza inzi. "Hakurudi."

Binti huyo ni Ingeborg. Wafaransa, tangu siku ya kwanza, walilivunja jina lake likawa Isambour, na kwa jina hilo la kuvunjwa ndivyo alivyoandikwa. (Mimi mwenyewe nina majina matatu katika kompyuta za serikali ya hapa, na hakuna hata moja alilonipa baba.)

Turudi nyuma kidogo. Mfalme Philippe wa Pili wa Ufaransa, huyu anayeitwa Philippe Auguste, alifiwa na mkewe wa kwanza, Isabelle wa Hainaut, mwaka 1190. Isabelle alijifungua mapacha, wakafa, naye akafa. Mfalme akabaki na mtoto mmoja tu wa kiume, Louis, mdogo wa miaka miwili na ushee. Mwaka huo huo Philippe akaenda vitani Palestina pamoja na Richard wa Uingereza, akaugua vibaya sana kule Akka, akarudi nyumbani mwishoni mwa 1191. Richard akabaki, na wakati wa kurudi akakamatwa karibu na Vienna mwezi Desemba 1192. Jirani yako mkubwa akiwa kizuizini, unafanya nini? Philippe aliangalia ramani. Kaskazini kuna Wadenmark, wana merikebu, na wana madai ya zamani juu ya kiti cha Uingereza, maana karne moja na nusu nyuma mfalme wao Knud Mkuu alikikalia. Na mfalme wao wa sasa, huyu Knud wa Sita aliyelala Ringsted, ana dada ambaye hajaolewa.

Akatumwa Étienne, askofu wa Noyon, kwenda kuposa. Wafaransa walitaka wapewe haki ile ya Uingereza na merikebu na askari wa mwaka mzima. Knud akakataa vita. Akakubali kutoa fedha. Hapa msomaji wa kwetu lazima nimtahadharishe: kule mahari ilitoka kwa wazazi wa bibi harusi kwenda kwa mume. Walipatana marki 10,000 za fedha. Ni mzigo mkubwa wa fedha, na nauandika kwa tarakimu mjue, kwa sababu namba hii itarudi.

Bibi harusi alikuwa na umri wa miaka 18 hivi. Walioandika habari zake, hata waliokuwa upande wa mfalme, wanakubaliana kwamba alikuwa mzuri na mcha Mungu. Kifaransa hakujua.

Harusi ilifungwa Amiens tarehe 14 Agosti 1193. Kesho yake ilikuwa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, na wote wawili walikuwa kanisani tena, safari hii kwa ajili ya Ingeborg kutiwa taji. Aliyeongoza ibada ni askofu mkuu wa Reims, Guillaume, mjomba wa mfalme. Katikati ya ibada, mbele ya maaskofu na wakuu wote, mfalme akaanza kutetemeka. Akabadilika rangi. Hakuweza kumtazama mwanamke aliyesimama pembeni yake. Ibada ilipokwisha akataka wageni wa Denmark wamchukue mtu wao warudi naye.

Sisi tunasema bibi harusi hupewa fungate, siku saba za kutoguswa na jua. Huyu siku ya pili tu kibao kiligeuka.

Wadenmark walikataa kumchukua. Hili watu wengi huwalaumu, kwamba walimtelekeza msichana. Mimi naona walikuwa na akili zao. Wangemrudisha, wangekuwa wamekubali kwamba kuna sababu. Ingeborg naye alikataa kwenda. Wakaondoka, na yeye akapelekwa kwenye nyumba ya watawa Saint-Maur-des-Fossés, nje ya Paris. Ndiyo ikawa fungate yake.

Sasa njoo Compiègne, mwanzoni mwa Novemba mwaka ule ule, hazijatimia siku tisini tangu harusi. Hapa ndipo nataka tukae.

Mfalme aliitisha baraza la maaskofu na wakuu. Mwenyekiti ni yule yule askofu mkuu wa Reims aliyemtia Ingeborg taji. Talaka kanisani haikuwapo, ila kulikuwa na mlango wa nyuma: udugu. Sheria ya Kanisa wakati huo ilikataza watu kuoana hadi daraja la saba la undugu, na undugu wa ukwe ulihesabiwa pia. Daraja la saba! Jaribu kuhesabu ukoo wako hadi huko uone kama kuna mtu mtaani unayeweza kumwoa. Familia za kifalme za Ulaya, ambazo zilikuwa zinaoana zenyewe kwa zenyewe tangu enzi, zilikuwa zote ndugu kwa hesabu hiyo. Kwa hiyo kila ndoa ya kifalme ilikuwa na kasoro tayari, inasubiri siku mume atakapochoka. Ikatolewa nasaba iliyochorwa kwenye karatasi, ikionesha kwamba Ingeborg alikuwa na udugu na marehemu Isabelle. Wakasimama watu 15 kuapa kwamba nasaba ile ni kweli. Kati yao 12 walikuwa ndugu wa mfalme au watu wa nyumbani kwake. Ndoa ikatangazwa batili.

Ingeborg alikuwamo humo ukumbini. Hakuna Mdenmark hata mmoja pamoja naye. Walizungumza siku nzima kuhusu babu zake na bibi zake, na yeye alikuwa anasikia sauti tu. Hukumu ilipokwisha kutolewa ndipo mtu mmoja aliyejua lugha akamsogelea akamweleza.

Habari hii imo katika maisha ya Papa Innocent III yaliyoandikwa na mtu wa karibu yake, na mara ya kwanza niliposoma niliweka kitabu chini. Mkalimani aliletwa mwisho! Katika kazi yangu tuna ugomvi wa kila siku kuhusu hilo: unaitwa mambo yakiwa yameshaamuliwa, ili umwambie mtu alichoamuliwa. Wewe si mdomo wake tena, umekuwa tarishi. Nimekaa kwenye vyumba vya namna hiyo. Najua jinsi mtu anavyokutazama wakati huo. Hakutazami kwa hasira, anakutazama kama anatafuta neno ulilosahau kumwambia, ambalo lingebadilisha kila kitu.

Yule binti akalia. Kisha akapaza sauti akasema alichoweza kusema kwa Kilatini chake cha kuombea: "Mala Francia! Mala Francia!" Ufaransa mbaya, Ufaransa mbaya. Halafu akaongeza: "Roma! Roma!"

Hebu tazameni sentensi hiyo. Kitenzi hakimo. Sarufi hakuna. Ni maneno matatu tofauti, mawili ni majina ya mahali. Mtu angeweza kuyachukua kama mayowe ya msichana aliyechanganyikiwa. Lakini neno "Roma", likisemwa mbele ya maaskofu mara tu baada ya hukumu, lina kazi yake: ni kukata rufaa. Maaskofu wote mle ndani walilielewa. Wenye lugha walizungumza siku nzima, na asiye na lugha akawafunga kwa neno moja ambalo halikuhitaji mkalimani.

Aliyeipeleka rufaa hiyo Roma alikuwa, kwa namna yake, mtu wa kazi yangu. Abate Guillaume wa Æbelholt alikuwa Mfaransa, mtawa wa Sainte-Geneviève ya Paris, aliyeletwa Denmark miaka karibu thelathini nyuma kuja kuwanyoosha watawa wa huku. Barua zake zimehifadhiwa. Alikuwa mzee sasa, anazijua lugha zote mbili na nchi zote mbili, na hakuna upande uliomhesabu kuwa wao kabisa. Nilikwenda Æbelholt majira ya kiangazi yaliyopita. Imebaki misingi ya mawe, bustani ya miti ya dawa, na nyumba ndogo ya makumbusho wanakoonesha mifupa ya wagonjwa waliozikwa pale, huyu kavunjika paja likaunga vibaya, yule kichwa kina kovu la upanga. Nilikaa kwenye nyasi nikamfikiria mzee yule akichora nasaba ya wafalme wa Denmark, jina kwa jina, ili kuonesha kwamba ile ya Compiègne ni ya kupika. Nasaba hiyo ipo mpaka leo. Ni karatasi kavu, fulani akamzaa fulani, lakini ukijua iliandikwa kwa ajili ya nani haisomeki kama karatasi kavu.

Akaichukua, akafuatana na Anders Sunesen, chansela wa mfalme Knud, wakaenda Roma. Mwaka 1195 Papa Celestine III akaifuta hukumu ya Compiègne. Walipokuwa wanarudi na barua za Papa mikononi, wakakamatwa Dijon na watu wa Philippe, wakanyang'anywa barua, wakafungwa. Baadaye waliachiwa. Papa Celestine, ambaye alikuwa mzee sana, aliandika barua nyingine, na Philippe akaziweka pembeni. Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, ila hawakusema akiwa mfalme inakuwaje.

Ingeborg wakati huo alikuwa anahamishwa. Akapelekwa Cysoing, karibu na Lille, kwenye nyumba ya watawa. Askofu wa Tournai alimwandikia yule yule askofu mkuu wa Reims kumwombea msaada: malkia anasali, analia, anafanya kazi kwa mikono yake, na anauza nguo zake na vyombo vyake apate kula. Mtoto wa mfalme, aliyekwenda na marki 10,000, anauza sahani.

Mwezi Juni 1196 Philippe akaoa tena. Agnès wa Merania, binti wa mtawala wa Kijerumani. Watu wanaopenda hadithi ya mapenzi husimama hapa, maana inaonekana Agnès alipendwa kwelikweli, na akazaa watoto wawili. Mimi simchukii. Lakini kwa Kanisa alikuwa mke wa pili wa mtu mwenye mke.

Januari 1198 akachaguliwa Papa mwingine, Innocent III, na huyu hakuwa mzee wala mpole. Alikuwa na miaka 37, alijua sheria, na alikuwa anatafuta mahali pa kuonesha kwamba wafalme wako chini yake. Ingeborg akawa mahali hapo. Sisemi hakumhurumia. Nasema tu kwamba wanyonge wengi huokolewa na mtu mwenye shabaha nyingine, na mimi sijawahi kuona mteja wangu akiukataa msaada kwa sababu hiyo. Alipoona onyo halisikiki, Papa akafunga ibada katika ardhi zote za mfalme wa Ufaransa, kuanzia Januari hadi Septemba 1200. Kengele kimya. Misa hakuna. Watoto wachanga walibatizwa na waliokuwa wanakata roho waliungamishwa, lakini maiti hazikuzikwa kwenye ardhi ya Kanisa. Mfalme akawafukuza maaskofu walioitii marufuku hiyo na kutaifisha mali zao. Hata mwanawe Louis alipomwoa Blanche wa Castile mwezi Mei mwaka huo, harusi ilibidi ifungwe upande wa Normandy, kwenye ardhi ya mfalme wa Uingereza, kwa sababu nyumbani hapakuwa na kanisa lililo wazi.

Mkulima wa kijiji gani huko alijua kwamba mamaye anakosa mazishi kwa sababu ya msichana wa Denmark? Nadhani wote walijua. Habari za namna hiyo hazina haja ya gazeti.

Septemba mfalme akasalimu amri, akaapa kumpokea Ingeborg kama malkia. Ibada zikafunguliwa. Akampokea mbele ya balozi wa Papa, kisha akamrudisha kifungoni. Mwezi Machi 1201 likaitishwa baraza jingine, Soissons, kusikiliza kesi upya. Mawakili wa Denmark walifika, wakaona balozi wa Papa, kardinali Octavian, anaelemea upande wa mfalme, wakakata rufaa na kuondoka. Ingeborg akabaki peke yake tena, kama Compiègne. Ndipo akasimama padri mmoja, hana cheo, hakuna aliyemjua, akaomba ruhusa, akamtetea malkia kwa ufasaha mpaka ukumbi ukashangaa. Jina lake halikuandikwa. Nimelitafuta, nikakata tamaa. Majadiliano yakaendelea siku baada ya siku, hukumu ikawa inanukia upande wa Ingeborg. Alfajiri moja Philippe akaenda mwenyewe alikokuwa amelala, akampakia kwenye farasi wake, wakaondoka. Baraza likaamka na kukuta hakuna kesi. Mume na mke wamepatana, mnahukumu nini?

Nimejaribu kuiona safari ile. Miaka minane amefungwa na mtu huyu, na sasa ameketi nyuma yake, inabidi amshike kiuno asianguke. Walizungumza? Kwa lugha gani?

Akamfungia katika ngome ya Étampes, kilomita 50 hivi kusini mwa Paris. Mnara wake bado umesimama, umejengwa kama maua ya petali nne. Agnès akafa Julai mwaka ule ule, na kwa kawaida ya mambo hapo ndipo mtu angetegemea mlango ufunguke. Haukufunguka. Miaka 12 mingine.

Mwaka 1203 Ingeborg alimwandikia Papa. Barua ipo. Kwa mtu ambaye miaka kumi nyuma alikuwa na maneno matatu, imepangwa kama orodha ya shahidi aliyekaa akahesabu. Hakuna anayeruhusiwa kumtembelea. Barua za kwao hazimfikii. Padri anakuja mara chache, misa anaisikia kwa nadra. Chakula wakati mwingine hakitoshi, na hana mganga wa kumwangalia. Kuoga haruhusiwi ipasavyo. Nguo si za malkia. Wanawake waliowekwa kumlinda wanamtolea maneno machafu. Halafu, katikati ya malalamiko hayo, anaweka jambo moja la kisheria kabisa: ikiwa siku moja, kwa udhaifu na kwa kutishwa, atakubali neno lolote dhidi ya ndoa yake, Papa asilipokee neno hilo.

Soma tena hapo. Alijua watamvunja. Akatangulia kuikana sauti yake mwenyewe, ile ya kesho, ile ya mateso. Nimekaa na watu waliohojiwa mara nne, tano, kila mara na mkalimani mwingine, na najua ni wangapi wangetamani wangeandika karatasi kama hiyo kabla ya mahojiano ya kwanza.

Sababu za mfalme, kwa upande wake, zilikuwa zinabadilika. Udugu ulishindikana, ikaja sababu nyingine: amerogwa. Mwandishi Rigord, mtawa wa Saint-Denis, aliandika mapema kabisa kwamba siku ile ile ya Amiens shetani na wachawi walimfanya mfalme amchukie mke aliyemtamani. Sasa mfalme mwenyewe akalishika neno hilo, akadai uchawi ulimzuia asimkaribie Ingeborg, kwa hiyo ndoa haikutimia. Kwetu mtu akisimuliwa hivi haulizi swali la pili. Kafungwa, atasema, na atataja mganga. Ingeborg aliapa tangu mwanzo mpaka mwisho kwamba ndoa ilitimia usiku ule. Walimwomba aingie utawa awe huru, akakataa. Wangempa heshima na nyumba nzuri, aseme tu neno moja. Hakulisema.

Kuna wanaomwona mkaidi. Nyumbani angepokewa, angeweza kuolewa na mtu mwingine. Nilikuwa nafikiri hivyo mimi pia, mpaka nilipoona jinsi alivyojiita katika barua zake zote, akiwa hana hata maji ya kuoga: malkia wa Wafaransa. Hakuna cheo kingine kilichomzuia kuwa mwanamke yeyote tu aliyetumiwa usiku mmoja na kurudishwa kwa jahazi.

Mwaka 1213 Philippe akamtoa, ghafla kama alivyomfungia. Alikuwa anajiandaa kuvuka bahari kuivamia Uingereza, alihitaji radhi ya Papa, na Wadenmark nao walikuwa wamerudi kuwa na thamani. Yaani merikebu zile zile, miaka 20 baadaye! Akamrudishia nafasi ya malkia mezani na kwenye sherehe. Mwandishi wa mfalme anasema watu walifurahi. Chumba cha kulala hakikuhusika.

Miaka miwili baadaye, katika Mtaguso wa Nne wa Laterano, Papa Innocent alipunguza madaraja ya udugu yanayozuia ndoa kutoka saba hadi manne, na akabana ushahidi wa kusikia-kusikia katika kesi za namna hiyo. Ingeborg hakutajwa. Lakini mtu akiniuliza, nitasema yumo.

Kuna kitu chake kimoja kilichobaki ambacho unaweza kukiona: kitabu cha Zaburi, kilichochorwa miaka ileile ya kifungo, kimejaa dhahabu, na sasa kiko katika makumbusho ya Condé, Chantilly, kaskazini mwa Paris. Nimekipekua kwa picha za kwenye intaneti. Mbele kuna kalenda, kama vitabu vyote vya Zaburi vya wakati ule, na ndani yake mkono fulani umeandika siku za kufa kwa baba yake Valdemar na mama yake Sophia, wale wa sakafu ya Ringsted, wakumbukwe katika sala. Hao wameandikwa kwa Kilatini. Ukifika tarehe 27 Julai unakuta habari nyingine: siku hiyo mwaka 1214 mfalme Philippe alimshinda mfalme Othon vitani. Ni vita vya Bouvines. Sentensi inaanza kwa Kilatini, "Anno domini", kisha kabla haijafika mbali inageuka kuwa Kifaransa. Mimi nachanganya lugha hivyo hivyo nikichoka, naanza ujumbe kwa Kiswahili nikamaliza kwa Kidenmark. Ndani ya kitabu chake cha sala, kati ya wafu wake, ushindi wa mume wake umeandikwa kwa lugha ambayo Compiègne hakuijua.

Septemba 1222 Philippe aliandika wosia. Humo anamwachia Ingeborg livre 10,000. Anamtaja kuwa mke wake mpendwa sana, malkia wa Wafaransa. Anaongeza kwamba angeweza kumpa zaidi, ila amejizuia ili apate kurudisha kwa ukamilifu vitu alivyochukua kwa dhuluma. Alikufa Julai 1223.

Ingeborg aliishi miaka 13 baada yake. Louis, yule mtoto aliyeachwa na Isabelle, alimheshimu kama mjane halali wa baba yake. Akaishi Corbeil, kwenye mto Seine, akajenga nyumba ya watawa Saint-Jean-en-l'Île, na pesa zake akazitumia pia kusomesha misa kwa ajili ya roho ya Philippe. Alikufa 1236, akazikwa hapo hapo.

Hizo misa zilinikera. Nikampigia mama simu Tanga, nikamsimulia yote tangu Amiens, yeye akiwa anachambua mchele, nasikia ungo. Nikamwambia, mama, mtu kakufungia miaka 20, halafu unamsomeshea misa?

"Hata," akasema mama. "Sasa mwanangu, atakayekaa eda nani, kama si mke? Wewe ulitaka amwachie nani eda?"

Sikuwa na jibu. Ungo ukaendelea.

"Na ile mahari waliyotoa kwao, ilirudi?"

Nikamweleza: marki 10,000 zilikwenda, kwenye wosia zikaandikwa livre 10,000. Akauliza marki na livre ni kitu kimoja? Nikamwambia hapana, marki moja ya fedha ilikuwa na thamani kubwa kuliko livre.

"Basi hata hapo kampunja," akasema, akaniomba nisubiri kidogo, kuna mtu anagonga mlango.